Kitanda Kilichopandishwa Ghorofani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, asubuhi, watu wakiwa kwenye chai. Hakuna aliyekufa siku hiyo wala aliyelia. Wakubwa wa hospitali waliamua tu kwamba chumba cha mnyooshaji wa migongo kitoke chini, kiende ghorofa ya tatu, na aliyeitwa kukibeba kitanda chake alikuwa Magurudumu.

Jina hilo alipewa na manesi kwa ajili ya kazi yake. Kila kilichobingirika mle hospitalini kilikuwa mikononi mwake: vitanda, viti vya wagonjwa, toroli za dawa, toroli za chakula, hata ile moja ya kupeleka watu mahali ambapo hawarudi. Likilia gurudumu, nesi alitoa kichwa mlangoni na kuita, "Magurudumu, njoo! Huyu ameanza kuimba tena." Naye alikuja na kopo la grisi, spana imechomekwa mfuko wa nyuma, akilalamika njia nzima kwamba hospitali inanunua vitu vya bei poa halafu inamtaka yeye afanye miujiza.

Shule aliiacha mapema, kwao hakukuwa na wa kumsukuma. Alikuwa kibarua wa siku kwa siku, na ajira ya kudumu aliisikia kama watu wanavyosikia habari za peponi. Ila alikuwa na mke, na mke alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya miaka ambayo mama mkwe, mzazi wa huyo mke, alikuwa ameanza kuwatazama kwa jicho la pembeni.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kibarazani kwao, kwa cherehani ya kukanyaga, kutwa nzima mguu juu mguu chini. Magurudumu alimwita Bosi, kwa kuwa nyumbani hakuna lililopita bila yeye. Mimba ilipofika mwezi wa tano maumivu yakaanza, kwanza chini ya mgongo, pale juu ya makalio, halafu yakazunguka mpaka kwenye nyonga na kinena. Kuvaa nguo akiwa amesimama ikawa shida. Kugeuka kitandani ikawa kazi ya watu wawili.

"Uko tayari, Bosi?" Magurudumu aliuliza, mkono mmoja begani kwa mkewe na mwingine kiunoni.

"Ngoja nipumue. Unanihamisha kama kabati."

"Kabati halilalamiki."

"Na kabati halikupikii. Haya, geuza, polepole, wee! Polepole nimesema!"

Walicheka, halafu alilia kidogo, halafu walilala. Ndiyo maisha yalivyokuwa wakati ule, na laiti yangebaki hivyo hivyo.

Kliniki ya wajawazito walimwambia maumivu ni kawaida ya mimba, mama vumilia, ukijifungua yataisha. Neno hilo vumilia linatoka kinywani kirahisi sana kwa mtu ambaye hakuna kinachomuuma. Ni nesi mmoja tu, mama wa makamo aliyezaa watano, aliyemvuta pembeni na kumwambia, "Mwanangu, pale chini karibu na mlango mkubwa yupo dada mmoja anatibu kwa mikono. Nenda kwake. Usiende kwa wakandaji wa mitaani wakakuvunja."

Huyo dada manesi walimwita Mikono. Kazi yake ilikuwa ya kusomea, miaka mingi, na ilikuwa na jina refu, osteopathi, ambalo Magurudumu alilitamka mara moja, mkewe akacheka mpaka akashika tumbo, na hakulirudia tena. Yeye alisema mnyooshaji, na Mikono mwenyewe hakujali.

Siku ya kwanza Magurudumu aliingia na mkewe, akasimama ukutani na kopo lake la grisi kama askari. Alitegemea kuona mtu akikunjwa na mifupa ikilia. Badala yake Mikono alimkalisha Bosi ukingoni mwa kitanda, akamvua viatu, akapiga magoti sakafuni na kushika mashavu ya miguu yote miwili kwa pamoja, mkono huu huku na mkono ule kule. Akayapapasa taratibu, akalinganisha, akatazama vifundo.

Magurudumu hakuvumilia. "Dada, mgonjwa kakuambia mgongo. Miguu inaingiaje hapa? Ungekuwa fundi wangu ningeshakufukuza."

"Shemeji, toroli ikilia unaanza kutazama wapi?"

"Ekseli."

"Hata kama mwenye toroli anasema ni gurudumu?"

"Mwenye toroli anajua nini?"

"Basi niachie na mimi ekseli yangu." Akainuka, akapangusa magoti. "Kuna maumivu ya mguu ambayo si yangu. Mjamzito damu yake ni nzito, inaweza kuganda ndani ya mguu. Nikikuta mguu mmoja umevimba, una joto, unauma kuliko mwenzake, simgusi. Namshika mkono nampeleka kwa daktari saa hiyo hiyo. Kwa hiyo kila anayeingia hapa, hata awe amekuja kwa ajili ya shingo, nasalimia miguu kwanza."

"Na ya kwangu imeitikia?" Bosi aliuliza.

"Imeitikia vizuri. Haya, lala ubavu."

Alimlaza ubavu, akamwekea mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo. Kisha akaweka kiganja mwisho wa uti wa mgongo, akakiacha hapo, akingoja, kama mtu anayesikiliza ukutani maneno ya jirani. Akamwambia avute pumzi, asukume goti kidogo, kidogo tu, dhidi ya mkono wake, aachie, tena. Hakukuwa na kukandamiza. Baada ya muda Bosi alianza kukoroma. Magurudumu alishika mdomo asicheke, halafu akajikuta macho yana maji, maana mkewe hakuwa amelala usingizi wa hivyo kwa wiki nyingi.

Mwisho Mikono alimfundisha. Avae nguo akiwa amekaa. Akigeuka kitandani, magoti yabane pamoja. Afunge mtandio mpana chini ya tumbo, ushike nyonga. Cherehani apumzike kila mara. "Na ngazi," alisema, akiinua kidole, "ngazi ziepuke kama deni. Kila ukiinua mguu mmoja, nyonga zako zinavutana, huyu anakwenda huku na huyu kule. Kama huna budi, panda kama mtoto, mguu mmoja, halafu mwenzake aufuate palepale."

"Sisi nyumba yetu ya chini," alisema Magurudumu, akijisikia tajiri kwa mara ya kwanza.

Wakawa wanakwenda kila wiki. Maumivu hayakuisha, na Mikono hakuwahi kuwaahidi kwamba yataisha, ila yalipungua yakawa ya kubebeka. Bosi alirudi kwenye cherehani yake nusu siku. Akarudi na kutukana wateja wanaochelewa kuchukua sare, na Magurudumu akajua mke wake amepona.

Basi ndipo ikaja ile Jumanne.

Katibu wa hospitali, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na simu isiyotoka sikioni, alimkuta Magurudumu uani akifunga tairi la kiti cha mgonjwa. "Wewe, Magurudumu. Tafuta mwenzako mmoja. Kile kitanda cha chumba cha chini kinapanda ghorofa ya tatu. Leo hii."

"Kitanda kipi, mkubwa?"

"Cha yule wa mikono. Chumba kile Mkuu anakitaka kiwe cha wageni. Kina dirisha zuri, kiko karibu na mlango. Wageni wakija hawawezi kuanza kutembezwa kwenye harufu ya dawa."

"Na wagonjwa wake?"

"Watapanda. Ghorofa ya tatu ina vyumba vitupu."

"Lifti imekufa tangu mwaka jana, mkubwa."

Katibu alimtazama kama mtu anayetazama kiti kilichoanza kusema. "Lifti ni kazi yako?"

"Hapana."

"Basi beba."

Akabeba. Angefanya nini? Kibarua akisema hapana leo, kesho yuko kibarua mwingine. Kile kitanda kilikuwa na miguu ya chuma na godoro gumu, na kila kona ya ngazi walilazimika kukisimamisha wima na kukizungusha, mwenzake akitukana kimoyomoyo na yeye kwa sauti. Walipofika kwenye kona ya pili walikitua wapumue, na hapo Magurudumu alitazama chini, akatazama juu, akamfikiria mkewe na mtandio wake nyongani. Mikono alikuwa anapanda nyuma yao amekumbatia mito, kifuani mmoja, kwapani mwingine.

"Dada, umewaambia?"

"Nimewaambia. Katibu kasema mazoezi ni mazuri kwa wajawazito."

"Na Mkuu?"

"Mkuu yuko kwenye kikao."

Alikuwa kwenye kikao. Wakubwa huwa kwenye kikao. Mtu anaweza kuzaliwa, akaoa, akazikwa, Mkuu hajatoka kwenye kikao.

Jioni ya siku hiyo hiyo walimwita tena ashushe makochi ya ngozi kwenye gari na kuyaingiza chumba kile cha chini. Na meza ya kioo, ambayo ilikuja bila magurudumu, akaambiwa aifunge magurudumu, ili chai ya wageni ibingirike bila kumwagika.

Bosi alipanda ngazi zile mara moja tu. Alipanda kama mtoto, mguu na mwenzake, mguu na mwenzake, ameshika ukuta. Watu walimpita. Alifika juu jasho linatiririka, midomo imepauka, na Mikono alitumia muda mwingi kumtuliza kuliko kumtibu. Walipofika chini tena Bosi aliketi kwenye benchi la mapokezi akashindwa kusimama.

"Vipi?" Magurudumu alimuuliza.

"Nilichopewa juu nimekiacha kwenye ngazi," alisema. "Sirudi, mume wangu. Usinilazimishe."

Mikono alijaribu. Wiki iliyofuata alimtibia Bosi chini, nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye benchi la mbao lililotandikwa shuka zinazosubiri kupigwa pasi. Wafua nguo walisimama mlangoni kumkinga na macho ya watu. Lakini hospitali ina macho hata kwenye kuta. Katibu alikuja, akamkemea Mikono mbele ya kila mtu, kwamba anatibu watu uchochoroni kama mganga wa kienyeji, kwamba anaiaibisha taasisi, kwamba akirudia, kazi hana. Mikono aliinamisha kichwa, akakunja shuka moja moja, akapanda zake juu.

Bosi alibaki nyumbani. Maumivu yalirudi na ndugu zao. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Mama mkwe alihamia kwao, akawa anapika na kumwogesha, na Bosi akawa mtu wa kulala, kutwa na kucha, ubavu huu akichoka ubavu ule, maana kila hatua ilikuwa kisu. Na huko ghorofani wajawazito wengine nao waliacha kupanda, mmoja mmoja. Wakubwa wakapiga mahesabu yao, wakasema, mnaona? Chumba hakina watu. Huyu hahitajiki kila siku. Aje Jumatano na Ijumaa tu, siku nyingine akakae stoo ya upande wa pili wa mji, asaidie kupanga dawa.

Yaani kwanza unamfungia mtu mlango, halafu unashangaa mbona haingii.

Mwezi wa tano, Jumatatu, Bosi aliamka akisema mguu wa kushoto unamvuta.

"Ni yale yale ya nyonga," alisema mama mkwe. "Si alisema yanaweza kushuka?"

Kweli Mikono aliwahi kusema maumivu ya mgongo huweza kushuka mguuni. Magurudumu alikumbuka hilo. Lakini alipofunua shuka akaona mguu, kitu kingine kilimjia. Ulikuwa umevimba kuliko mwenzake, ngozi imevutika inang'aa. Akashika shavu la mguu huu na la mguu ule, mkono huu huku na mkono ule kule, kama alivyomwona Mikono akifanya. Wa kushoto ulikuwa wa moto.

"Vaa," alimwambia mkewe. "Twende."

"Wapi tena?"

"Kwa yule dada. Alisema mguu ukiwa hivi si wa kuchezea."

Alimpeleka kwenye kiti cha magurudumu, kibovu cha uani, alichokitengeneza yeye mwenyewe. Mapokezi walimkuta binti wa zamu, mgeni kazini, kucha ndefu, mbele yake foleni imejipinda mpaka nje.

"Tatizo?"

"Mguu umevimba. Anahitaji daktari."

"Mjamzito? Anatibiwa na nani?"

"Alikuwa anatibiwa na mnyooshaji. Mgongo na nyonga. Ila huu mguu..."

"Kama ni wa mnyooshaji anakwenda kwa mnyooshaji. Ndiyo utaratibu. Ghorofa ya tatu."

"Dada, nakwambia huu ni wa daktari."

"Baba, wewe ndiye daktari? Utaratibu mpya unasema kila mgonjwa aanzie alikotibiwa. Akimpa rufaa huko, atarudi hapa. Anayefuata!"

Magurudumu alitazama ngazi. Akainama. "Panda mgongoni, Bosi."

"Na tumbo hili? Utaniua, au nitakuua."

"Basi subiri hapa."

Alipanda mbio. Mlango wa chumba ulikuwa na kufuli. Alitikisa, akagonga kwa kiganja, akaita, "Dada! Dada Mikono!" mpaka mfagiaji akatokea mwisho wa ukumbi na fagio lake. "Leo Jumatatu, kaka. Yuko stoo. Njoo Jumatano."

Alishuka. Binti wa mapokezi alimwambia vilevile, Jumatano, bila kuinua uso. Alimtafuta yule nesi wa makamo, yuko likizo. Akaenda kwenye mlango wa daktari, akaambiwa na mlinzi hana kibali. Akagonga kile chumba cha chini, chumba cha wageni, maana alisikia sauti ya Mkuu ndani ikicheka. Katibu akatoa pua, meno nje, akamwambia kwa upole kabisa, "Magurudumu, tuna wageni."

Aliiona meza yake ya kioo ikipita nyuma ya Katibu, imebeba vikombe, haikulia hata kidogo.

"Turudi nyumbani," alisema Bosi, mkono tumboni. "Nimechoka kutazamwa. Keshokutwa si mbali."

Kwake yeye ilikuwa mbali sana. Jumanne mchana, akiwa amekaa kitandani akikunja vinguo vya mtoto alivyovishona kwa mabaki ya sare, alisema kifua kinambana. Akasema, "Mama, nifungulie dirisha." Dirisha lilikuwa wazi. Magurudumu alifuatwa kazini, akakimbilia nyumbani akakuta jirani mwenye gari ameshamkimbiza hospitali, na safari hii hakuna aliyeuliza anaanzia wapi, milango yote ilifunguka. Mtoto walimtoa, wa kike, analia. Mama hawakumwahi. Donge la damu, daktari alisema, lilitoka mguuni likapanda mpaka kwenye pafu. Alisema pia, akisugua macho, kwamba laiti angeletwa mapema.

Magurudumu aliinama, akatazama magurudumu. Toroli aliyolazwa mkewe alikuwa ameitia grisi wiki iliyopita, kwa mikono yake.

Walizika. Watu walikula, wakasema maneno yao, wakaondoka. Mama mkwe akabaki na mtoto mgongoni. Na baada ya arobaini Katibu akaja nyumbani, kwa gari la hospitali, amebeba makopo ya maziwa ya unga. Aliketi kwenye kiti cha cherehani bila kujua ni cha nani.

"Pole sana, mzee. Msiba wako ni wetu." Akakohoa. "Sasa, wamekuja wakaguzi. Kuna watu wamepeleka maneno huko juu. Watamhoji yule mwanamke wa mikono, na wewe utaitwa. Tunachotaka ni useme ukweli tu. Kwamba alimshika mkeo. Alimminya minya mgongo, miguu. Huyo ndiye aliyemharibu."

"Mguu ule hakuugusa."

"Unajuaje? Wewe ni daktari?" Halafu akalainisha sauti. "Tazama, mzee. Mkuu anakukumbuka. Nafasi ya kudumu ipo, mkuu wa karakana. Mtoto atakunywa maziwa. Lakini kama hospitali ina makosa, hospitali itafungwa, na wewe utakwenda wapi?"

Alipoondoka, mama mkwe alitoka chumbani. Alikuwa amesikia yote.

"Baba, usinitazame mimi," alisema. "Mtoto maziwa anayataka. Na yule mwanamke hata msibani alichelewa kuja."

Hilo ndilo lililomkaa Magurudumu kooni kama mfupa. Maana usidhani alimpenda Mikono. Alimchukia naye. Nyumba yao Mikono alikuwa anaijua. Alijua Bosi hawezi kupanda. Kwa nini hakuja? Magurudumu alikutana naye getini siku mbili kabla ya kikao cha wakaguzi, amekonda, begi kifuani, akamwuliza hivyo hivyo bila salamu.

"Niliogopa, shemeji," alisema Mikono. "Nina mama mgonjwa na wadogo zangu ninaowasomesha. Walisema nikimgusa mgonjwa nje ya chumba, basi. Nikaogopa."

"Mke wangu kafa kwa woga wako."

"Najua." Hakujitetea zaidi. "Wakinitia hatiani, chumba wanakifunga kabisa. Wewe sema utakachosema. Sitakulaumu."

Bora angejitetea. Angejitetea angemtukana, na akishamtukana ingekuwa rahisi kumzamisha.

Kikao walikifanya chumba cha wageni. Ndiyo, chumba kile kile. Mkuu alikaa kwenye kochi la ngozi, mtu mnene, mpole, anayetabasamu na kila mtu. Katibu pembeni yake. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mikono alipewa kiti cha mbao karibu na dirisha, pale pale kilipokuwa kitanda chake, na Magurudumu aliona sakafuni alama nne za miguu ya chuma ambazo zulia halikuzifunika.

Mkaguzi alimhoji Mikono kwanza. Akaeleza anavyofanya, miguu kabla ya mgongo. Sauti ilikuwa ndogo. Katibu alimkatiza mara mbili, akisema hayo ni maneno tu, shahidi yupo.

"Haya, shahidi," alisema Mkaguzi. "Baba, wewe ndiye mume wa marehemu. Ulikuwa chumbani akitibiwa. Huyu dada alimfanya nini mkeo?"

Magurudumu alisimama. Alikuwa amevaa shati la msibani. Mkuu alimtabasamia, tabasamu la maziwa ya unga. Alimfikiria mtoto, akamfikiria mama mkwe anayengoja nyumbani. Halafu akamtazama Mikono. Mikono yake ilikuwa mapajani, imelala chali, kama ya mtu anayengoja kupokea chochote atakachopewa.

"Alimlaza usingizi," alisema.

"Nini?"

"Mke wangu alikuwa halali. Huyu alimshika mgongo akalala akakoroma. Hilo ndilo alilomfanya. Mguu siku ulipovimba hakuuona, kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli. Nilikwenda mwenyewe, nikagonga. Mimi namlaumu huyu dada kwa kuogopa. Namlaumu mpaka leo. Lakini anaogopa nini? Anaogopa watu, na watu wenyewe hawa hapa wamekaa."

"Jibu ulichoulizwa!" alisema Katibu.

"Nimejibu. Sasa na mimi niulize." Akamgeukia Mkaguzi. "Mama, kitanda cha huyu dada kilikuwa pale alipokaa. Alama zake hizo, tazama. Mimi ndiye niliyekibeba kwenda juu, nilimwaga jasho langu kwa amri ya hawa. Kitanda cha chuma, wanaume wawili wazima, tulikitua njiani mara kadhaa tupumue. Na mle ndani wanaotibiwa ni wajawazito ambao hawawezi kuinua mguu kuvaa nguo. Huyu aliwaambia. Mimi niliwaambia. Sasa nauliza."

Aligeuka kutoka kwa Mkaguzi, akamkabili Mkuu. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila limesahauliwa usoni, kama taa iliyoachwa inawaka mchana.

Kesho yake alimwaga unga. Walimwambia kazi zimepungua. Sasa hivi anatengeneza mikokoteni na baiskeli barazani pale pale ilipo cherehani ya mkewe, mtoto akiwa kwenye boksi karibu na miguu yake, na maziwa anayapata kwa kubangaiza. Kikao kiliahirishwa siku ile, kikaahirishwa tena, na kitanda bado kiko ghorofa ya tatu. Mikono bado anapanda huko Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine, akitoka, anapitia barazani, anapiga magoti, anasalimia miguu ya mtoto, kisha anaondoka, na hawasemeshani sana.

Lakini swali aliliuliza, na watu wote mle chumbani walilisikia. Mkaguzi aliliuliza tena kwa sauti yake mwenyewe, akimtazama Mkuu. Mkuu akamtazama Katibu, Katibu akatazama dirisha. Chai ikapoa kwenye meza ya magurudumu.

"Kabla hamjaniita nikibebe kile kitanda," alisema Magurudumu, "ni nani kati yenu aliyezipanda zile ngazi kwanza?"